Majina Mlangoni kwa Fundi wa Mahema

Ukimtolea salamu Fundi wa mahema wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, alikuitikia kwa ukamilifu, akauliza hali ya nyumbani, akauliza hali ya wazee, kisha bila hata kuvuta pumzi akauliza: "Wenda wapi, na nani ayua?" Alikuuliza hivyo hata kama umekwenda kumpa kadi ya harusi. Mtu wa posta aliulizwa. Imamu wa msikiti wa jirani aliulizwa, naye alijibu kwa adabu zote kwamba anakwenda nyumbani kula, na anayejua ni mkewe.

Mimi nimeulizwa swali hilo kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na sina hakika kama kuna mtu mwingine katika mji huu ambaye amewahi kutaka kujua kwa dhati jibu langu.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, katika kichochoro ambacho punda wawili hawapishani. Hapo zamani alikuwa akishona makanzu. Siku moja mgeni alimletea hema lililochanika akamwomba alitie kiraka, akalitia, na kiraka kikawa kizuri kuliko hema. Basi habari zikaenea. Wageni wakawa wanapomaliza safari zao wanamwachia mahema, magodoro ya kukunja na majiko madogo ya gesi, kwa kuwa wanaona uzito kuyarudisha kwao. Mwisho chumba kikajaa, makanzu yakakosa pa kukaa, na yeye akawa mtu wa kukodisha vifaa vya kulala nje. Nilipomuuliza kama hakujutia kuacha kazi ya makanzu alinijibu kwamba kanzu ikichanika mtu huona haya, lakini hema likichanika mtu huona mvua, na yeye alipenda kazi ambayo ikiharibika inajulikana.

Lakini watu hawakumjulia mahema. Walimjulia mlango.

Ulikuwa mlango wa mbao wa kawaida, si wa nakshi kama ile ya mtaani kwetu Mkomani. Aliupaka rangi nyeusi na kuufanya ubao. Kila aliyekodi kifaa chake, akiwa anakwenda kulala kisiwani Kiwayu, au Manda, au kwenye vilima vya mchanga nyuma ya Shela, aliandikwa hapo kwa chaki: jina, mahali anapolala, siku na wakati wa kurudi. Ukirudi ulikuwa na sharti moja, nalo ni kwenda mwenyewe kulifuta jina lako kwa mkono wako. Si kumtuma nduguyo. Si kupiga simu. Simu, alisema, ni ya kusalimiana. Aliwahi kumrudisha mwanamume mzima kutoka hoteli, amechoka, hajaoga, mchanga masikioni, aje afute jina lake. Yule bwana alifuta huku akinung'unika, naye Fundi akamshukuru kama aliyepewa zawadi.

Chini ya benchi aliweka dumu la petroli, limejaa siku zote. Halikuguswa kwa sababu yoyote ila moja. Ukipitwa na wakati ulioandika, alikupa saa moja ya subira, akiitazama saa yake ya mkononi kama mtu anayepika yai. Ikiisha, dumu lilitoka, likapelekwa kwenye boti, na boti ikaenda kukutafuta. "Mlango hunu," alikuwa akisema, "haujalala na jina lililopitwa." Alisema hivyo kwa majivuno, na nadhani yalikuwa majivuno pekee aliyojiruhusu.

Kabla ya kuandikwa mlangoni ulipaswa kufungua mzigo wako. Hapo ndipo watu walipoumbuka. Nakumbuka kijana mmoja kutoka Nairobi, begi lake limemzidi kimo, limejaa kamba za rangi na vitanzi vya chuma.

"Mzee, hii yote ni orijino," alisema.

"Mashaallah. Fungua, nizione zitu zako."

Kikatoka kipaza sauti cha muziki. Zikatoka jozi tatu za viatu, na hakuna hata moja ya kutembelea kwenye mwamba. Kikatoka kisu ambacho mtu angeweza kuchinjia ngamia. Mwisho kabisa, kutoka mfuko wa pembeni, ikatoka chupa moja ya maji, na ilikuwa imeshanywewa nusu.

"Mai ni mangapi?"

"Ni hii. Si tutanunua huko mbele?"

"Huko mbele wapi? Kwa kaa?"

Yule kijana alicheka, kisha akaona kwamba Fundi hacheki. Aliondoka Langoni na madumu mawili ya maji, filimbi shingoni, kiberiti ndani ya chupa iliyofungwa, chandarua, chumvi za kuchanganya na maji kwa mtu aliyeishiwa nguvu, na jozi moja tu ya viatu, ambavyo aliagizwa avikung'ute kila asubuhi kabla ya kuvaa, kwa ajili ya nge. Kipaza sauti kilibaki rehani karakanani. Fundi alikisikiliza siku tatu mfululizo, kwa visomo vya Kurani, na kijana aliporudi akamwambia kwamba kifaa chake ni kizuri sana, kina sauti safi, ila hakina kazi porini.

Vigingi vya chuma alividharau. Kwenye mchanga wetu, alisema, kigingi ni mapambo. Badala yake alishona vifuko kutoka magunia ya unga. Unakijaza mchanga, unakifunga kamba ya hema, unakifukia, na hapo upepo wa kusi uje useme unachotaka. Kuhusu mahali pa kulala alikuwa na kanuni mbili alizozirudia mpaka zikachosha. Ya kwanza, utafute mstari wa mwani mkavu ufukweni, ule unaoachwa na maji ya bamvua yanapopanda sana, kisha ulale juu yake na si chini yake, hata kama chini pamenyooka kama mkeka. Ya pili, usilale chini ya mnazi. "Nazi haipigi hodi," alisema. Kuhusu upande wa bara hakuwa na kanuni wala mjadala: hakukodisha hata kamba bila mtu kuleta ruhusa ya wakuu wa usalama, na aliyebembeleza alionyeshwa mlango, na safari hiyo si kwa kuandikwa.

Kazi yake niliyoipenda zaidi ilikuwa kutafuta matundu. Hema likirudi, alilisimamisha uani saa sita za mchana, akaingia ndani, akajifungia, akalala chali na chaki mkononi. Kila tundu lilionekana kama nukta ya mwanga, naye alilizungushia duara. Aliziita nyota zake. "Leo nimeona nyota saba," alitoka akasema, jasho linamchuruzika, na mkewe akimwambia kwamba ameivisha ubongo. Kila hema lilikuwa pia na kiraka kikubwa juu ya paa, chekundu au cha manjano, ili boti ilione kutoka mbali. Viraka hivyo vilikuwa leso za mkewe. Bi, kama tulivyomwita mkewe, alinilalamikia mara nyingi kwamba nguo zake zimezunguka visiwa vyote na yeye mwenyewe hajafika Kiwayu.

Sasa niseme yangu, maana hadithi hii haiendi bila aibu yangu.

Mimi ni mwalimu wa wasichana, na nina chama cha mazingira shuleni. Kila mwaka nilitaka kuwapeleka wanafunzi walale nje, wahesabu ndege, waangalie kasa, wajue visiwa vyao. Mama zao, kila nilipowaomba idhini, waliniuliza jambo moja tu: "Fundi asemaje?" Digrii yangu haikuwa na maana. Fundi akisema vifaa ni vizuri na mahali ni salama, mtoto alifungiwa mkoba. Akinyamaza, mtoto alibaki. Kwa hiyo kila nilichokifanya na wasichana wale kilining'inia kwenye neno la mzee mmoja na kipande cha chaki.

Mwaka mmoja tuliandikwa mlangoni wasichana wanane, mama mmoja msimamizi na mimi: Kiwayu, kurudi Jumapili adhuhuri. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku ya kurudi. Niliandika adhuhuri kwa sababu adhuhuri ni saa nzuri ya kurudi, watu wapate chakula cha mchana nyumbani. Sikuwaza Mkanda. Mkanda ni ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, ndiyo njia ya mkato ya kurudia Lamu, na maji yakitoka hubaki tope. Tulifika hapo maji yakiwa yametoka. Boti ikakaa. Jua likatukalia juu ya vichwa. Maji ya kunywa nilikuwa nimeyahesabu ya kwenda na ya kukaa, sikuhesabu ya kurudi, yakaisha. Msichana mmoja akaanza kutapika, akalegea mikononi mwangu, nami nikamfunika kwa buibui langu nikawa nasoma dua na kumpepea kwa daftari la ndege.

Boti iliyobeba dumu la Fundi ilitukuta hapo ukingoni mwa tope. Watu wake walishuka na maji yakawafika mapajani, wamebeba madumu vichwani na zile chumvi za kuchanganya. Tulifika Langoni karibu na magharibi. Mama wanane walikuwa wameketi kichochoroni, na Fundi katikati yao, anawahadithia sijui nini, wanacheka. Alikuwa amewashika kwa maneno tangu mchana ili wasiogope.

Hakunigombeza. Aliwaita wasichana mmoja mmoja wafute majina yao. Nilipofuta la kwangu alisema polepole, nisikie mimi tu: "Mkanda hausomi saa yako, Mwalimu. Huo wasoma mwezi."

Kisha akaninyima mahema kwa mwaka mzima. Nilikwenda na maandazi, nilikwenda na mkuu wa shule, nilimtuma mume wangu wakasali pamoja Ijumaa. Hapana. Niliona ananionea, na niliwaambia watu hivyo. Mwaka ulipokwisha alinikalisha kwenye benchi, akaniwekea kalenda yenye mwezi na kunitaka nimwambie maji ya Mkanda yatajaa saa ngapi kwa kila siku aliyoinyooshea kidole. Nilijibu zote. Akanipa chaki niandike mwenyewe.

Mtu kama huyu ungemdhania kwamba analala juu ya jiwe na kula mizizi. La hasha. Fundi alikuwa mtu wa starehe. Alilalia godoro la sufi la kitanda kirefu cha kamba, mito miwili, na kahawa yake ilipaswa kuwa na tangawizi ya kutosha. Aliyewapunguzia watu mizigo mpaka wakabaki na kijiko kimoja, yeye akienda Mombasa kwa siku mbili alibeba mabegi matatu na birika. Aliogopa kenge. Na kuna jambo jingine ambalo Bi aliliropoka siku moja tukichambua mchele, bila kujua kwamba ni siri.

"Huyu? Alale nde?" alisema, akacheka mpaka ungo ukamtikisika. "Tangu aniowe hayalala nde hata usiku mmoya."

Nilishikwa na butwaa. Mtu aliyewalaza nje watu wa dunia nzima hajawahi kulala ndani ya hema lake. Nilikaa na habari hiyo miaka. Mama wa wanafunzi wangu wangeisikia, sijui ningempeleka nani wapi. Nilimkasirikia kidogo, nakiri, hasa nilipokumbuka ule mwaka wa kunyimwa. Nami sikumuuliza.

Mwaka jana ndipo aliponiita nimsaidie. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Nyota zake za mchana hakuziona tena. Ikawa mimi nikitoka shule naingia ndani ya hema, namwambia "kulia, juu kidogo," naye anapapasa kwa nje na sindano yake. Siku moja alinikuta nimelala chali humo, akaketi mlangoni pa hema.

"Mwalimu, nataka kulala Kiwayu. Usiku mbili. Nataka kuona nyota za kweli kutoka ndani ya hema kabla mato hayajafunga duka."

Basi nikamuuliza. Kwa nini miaka yote hii hakwenda?

Alishangaa kwamba sijui. "Nikenda mimi, ni nani takaokaa mlangoni?"

Niliona haya kwa hasira zangu zote za siri. Nikamwambia nitakaa mimi.

Nikakaa kweli, na nikafurahia kupita kiasi. Nilimfungulia mzigo wake kichochoroni, watu wakakusanyika kuangalia. Ikatoka mito miwili. Likatoka birika. Ikatoka kanzu iliyopigwa pasi, bakuli la halua, na kinu cha tangawizi, cha shaba, kizito kama nanga.

"Mai ni mangapi?" nikamuuliza.

"Usinifanyie hivyo, Mwalimu."

"Mai ni mangapi, Fundi?"

Watu walicheka mpaka punda wakasimama. Nilimpunguzia kinu, mto mmoja nikamwachia kwa huruma. Nikamning'inizia filimbi shingoni. Bi alikataa kufuatana naye; alisema yeye ana kitanda. Alikwenda na mpwa wake, mwenye boti, mtu makini. Nikamwandika mlangoni: jina lake, ambalo halikuwahi kuandikwa hapo, kisha Kiwayu, kurudi Jumatatu alasiri. Alasiri alinitajia mwenyewe. Sikumuuliza habari ya maji. Ningeanzaje kumuuliza Fundi habari ya Mkanda? Na mpwa wake naye, nilikuja kujua baadaye, hakuthubutu kumuuliza mjomba.

Jumatatu nilitoka shule nikaketi kwenye benchi. Bi alileta kahawa na mahamri. Alasiri ikaadhiniwa, tukaswali. Hakuna mtu. Nikafungua kalenda yangu ya mwezi kwa ajili ya kupoteza wakati, nikaona: saa ile ile Mkanda ulikuwa tope tupu. Sisi sote watatu, yeye, mpwa wake na mimi, tuliyajua hayo maji, na hakuna aliyefungua mdomo.

Nilijiambia kwamba wamekwama tu, wana maji, nimeyahesabu mwenyewe, na ya kurudi nimeyatia. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Lakini nilikuwa nikilitazama jina lake mlangoni na chaki ilikuwa nyeupe mno. Nikawaza mzee asiyeona vizuri akishuka kwenye boti. Nikawaza jua. Nikaitazama saa yangu, mkono wake mrefu kana kwamba umekufa. Nilielewa wakati huo, kwenye benchi lile, kazi aliyokuwa akiifanya kila siku miaka yote huku akiwachekesha watu, na nikataka kulia. Nikamgeukia Bi. Nikaanza kumhadithia habari za mwanafunzi aliyemfuga kasa kwenye beseni la mamake. Akacheka kidogo, nami nikaendelea.

Dakika arobaini zilipotimia sikuweza tena. Nililivuta dumu chini ya benchi nikalipeleka mwenyewe, nimelikumbatia na buibui langu linanuka petroli, mpaka gatini kwa watu wa boti ya kutafuta, wakaondoka. Nikarudi kukaa.

Walifika wakati wa adhana ya magharibi. Alikuwa mbele, anapapasa ukuta wa kichochoro, kanzu ya pasi imejaa tope mpaka magotini, mto wake chini ya kwapa. Nyuma yake mpwa wake amebeba lile dumu.

"Tumewakuta watu wako Mkanda," alisema. "Mai yalikuwa yameshaanza kupanda na kututoa. Saa moya ya subira, Mwalimu. Wewe hukunipa hata hiyo."

"Sikuweza, Fundi."

"Nayua." Aliweka mto wake kwenye benchi. "Mimi pia hudanganya. Hutuma mapema, kisha huisogeza saa mbele."

Bi alimuuliza kama nyota aliziona. Alisema aliziona, si zote, lakini alizoziona zilimtosha, na kwamba hema lile lina tundu upande wa kusini ambalo mimi sikulitaja. Kisha akasogea mlangoni kufuta jina lake. Akaweka kiganja, akafuta kwa nguvu, akafuta tena. Alikuwa akifuta mbao tupu, shubiri nzima pembeni ya jina. Watu wote pale kichochoroni walimwona. Nikamshika ncha ya mkono wa kanzu, nikausogeza taratibu mpaka juu ya jina lake, naye akalifuta.